Duka la mtandaoni kwa mkulima: panga malipo kwanza, picha zitafuata

 

Miaka ya nyuma nikipita mashambani hapa Nyasura, swali kubwa lilikuwa lile lile: “Bwana shamba, nipulize dawa gani?” Siku hizi swali limebadilika. Vijana wananiuliza, “Bwana shamba, duka la mtandaoni linafunguliwaje?” Mimi nalipenda swali hili, maana anayeliuliza ameshachoka kusimama na tenga lake pembeni ya barabara ya Mwanza–Musoma akisubiri mchuuzi ampangie bei.

Tatizo ni pale tunapoanzia. Kijana anaanza na jina la duka, nembo, picha kali na akaunti ya Instagram. Anatupia status asubuhi na jioni. Oda zinaanza kuingia, na hapo ndipo anagundua kwamba hajawahi kukaa chini akajiuliza: huyu mteja wa Mwanza ambaye sijawahi kumwona atanilipaje? Atalipa lini, kwenye namba gani? Na nikishatuma mzigo asipolipa, nitafanya nini?

Ushauri wangu leo ni mmoja: panga malipo kwanza. Ukishajua pesa inaingiaje, inaingia lini na nani anaiona, umeshajenga zaidi ya nusu ya duka. Picha, katalogi na tovuti zitafuata, tena kwa gharama ndogo kuliko unavyodhani.

Kwa nini kwa mkulima malipo ndiyo duka

Muuza viatu wa Kariakoo akimtumia mteja kiatu na mteja akakikataa, kiatu kinarudi dukani na kesho kinauzwa kwa mwingine. Nyanya haina bahati hiyo. Ukishaichuma, kila saa inayopita inakula bei yake. Trei la mayai nalo likienda Mwanza na kurudi Bunda kwa basi, utahesabu yaliyopasuka hadi uchoke.

Kuna kijana wa huku kwetu alipata oda ya matenga manne ya nyanya kupitia Facebook. Mnunuzi alisema atalipa akiuona mzigo. Mzigo ukapanda basi asubuhi, ukafika stendi ya Nyamhongolo, mnunuzi akazima simu. Kijana akabaki anampigia konda, na konda anataka kushusha mzigo aendelee na shughuli zake. Mwisho matenga yakauzwa pale pale stendi kwa bei ya kutupa, na gharama ya basi ikabaki juu ya mkulima. Miezi ya kumwagilia, kupalilia na kupuliza iliishia kwenye simu moja iliyozimwa.

Sasa geuza upande wa pili. Mteja naye anaogopa. Nani kati yetu hajawahi kupokea ile meseji ya “ile pesa tuma kwenye namba hii”? Mtu wa Mwanza au Dar akiona tangazo lako, anajiuliza kama wewe ni mkulima kweli au ni tapeli aliyeiba picha za shamba la mtu. Kwa hiyo utaratibu wa malipo una kazi mbili: kulinda mzigo wako, na kumtoa mteja hofu. Ukifanya la kwanza ukasahau la pili, hutauza.

1. Anza na bidhaa inayovumilia safari

Kabla ya kwenda kuomba namba ya malipo, amua utauza nini. Mimi huyagawa mazao yetu ya Bunda katika makundi matatu.

Kundi la kwanza ni bidhaa kavu: michembe, matobolwa, dagaa, dengu, maharage, ulezi, mtama, unga wa muhogo, pamoja na asali. Mteja akichelewa kulipa siku mbili, hakuna kilichoharibika, ilimradi umekausha na kufunga vizuri. Angalizo kwenye michembe: kipande kilichokauka sawasawa kikikunjwa kinavunjika kwa mlio. Kikipinda bado kina maji, na ukikifunga kwenye mfuko usiopitisha hewa kitaota ukungu. Mteja akifungua mfuko akakuta ukungu, hatarudi, na atawaambia wenzake.

Kundi la pili ni bidhaa zinazovumilia kidogo: mayai, vitunguu, viazi vitamu vibichi, matikiti, kuku hai. Hizi zinasafiri, ila zinataka vifungashio vizuri na mpokeaji aliye tayari.

Kundi la tatu ni bidhaa zisizosubiri: nyanya, mboga za majani, samaki wabichi, maziwa, na muhogo mbichi, ambao ukishang'olewa huanza kuharibika ndani ya siku mbili tatu.

Ukiwa unaanza, chukua kundi la kwanza, bidhaa mbili au tatu tu. Jifunze kupokea oda, kupokea pesa na kutuma mzigo ukiwa na kitu ambacho hakikukimbizi. Ukishazoea, panda kundi la pili. Kundi la tatu waachie wateja wa karibu, wa hapa Bunda mjini na Musoma, au wale uliokwisha kufanya nao kazi mara kadhaa.

Pamba usiiweke dukani. Pamba ina utaratibu wake wa kuuzwa kupitia AMCOS chini ya Bodi ya Pamba. Vilevile fahamu kwamba kuna mazao, kama korosho na ufuta, yanayouzwa kwa mnada wa kielektroniki kupitia Soko la Bidhaa Tanzania, yaani TMX. Hilo nalo ni soko la mtandaoni, ila ni la mizigo ya maghala na wanunuzi wakubwa. Duka tunaloliongelea hapa ni la kilo moja moja hadi magunia machache.

2. Tenga pesa ya duka na pesa ya mfukoni

M-Pesa iliingia Tanzania mwaka 2008. Leo tuna pia Mixx by Yas, ambayo wengi bado tunaiita Tigo Pesa, tuna Airtel Money, HaloPesa na T-Pesa. Mteja wako karibu kila aliko ana mojawapo. Habari njema ni kwamba huhitaji akaunti ya nje ya nchi wala kadi ya benki ili uanze kupokea malipo.

Wengi wanaanza kwa kutumia namba zao binafsi, zile zile wanazotumiwa nauli na shemeji. Mwezi ukiisha huwezi kujua duka limeingiza kiasi gani. Chukua Lipa Namba. Inakupa faida nne:

- Mteja akiiingiza, jina la biashara linatokea kabla hajaweka namba ya siri. Jina likifanana na lile la kwenye tangazo, nusu ya hofu yake imeondoka.
- Pesa ya duka inakaa peke yake.
- Unaweza kupata taarifa ya miamala, ambayo siku ukienda kuomba mkopo inaongea kuliko maneno yako.
- Pesa iliyotumwa kwa namba binafsi, mtumaji anaweza kuomba irejeshwe akidai kakosea namba. Malipo ya bidhaa kwenye namba ya biashara yanakuweka mahali pazuri zaidi pa kujitetea.

Kuipata, nenda duka la mtandao wako au kwa wakala anayesajili wafanyabiashara. Beba kitambulisho cha NIDA, na kama una TIN na leseni ya biashara beba pia. Usiondoke pale kabla hujauliza maswali matatu: mteja akilipa anakatwa kiasi gani? Mimi pesa ikiingia nakatwa kiasi gani? Na nikiitoa kwa wakala au kuihamishia benki nakatwa kiasi gani? Andika majibu kwenye daftari.

Makato hubadilika. Mnakumbuka Julai 2021 tozo za miamala zilipoanza, na Septemba mwaka ule ule zikapunguzwa kwa asilimia 30. Aliyekuwa amepanga bei bila kuacha nafasi ya makato alijikuta anailipa tozo kutoka kwenye faida yake. Kila baada ya miezi michache rudi uulize upya.

Usihangaike kuchukua Lipa Namba ya kila mtandao. Benki Kuu imejenga mfumo unaoitwa TIPS unaounganisha mitandao ya simu na benki, na imeweka msimbo wa QR wa pamoja unaoitwa TANQR. Chagua mtandao unaoshika vizuri shambani kwako, kisha mpe mteja maelekezo ya kulipa kutoka mitandao mingine. Andika maelekezo hayo mara moja, yahifadhi kwenye simu, uyatume kila akiuliza.

Kama ni kikundi, neno moja: anayeshika namba ya siri asiwe yule anayeshika daftari. Na angalau watu wawili waone taarifa za miamala kila wiki. Nimeona vikundi vizuri vikivunjika kwa kushukiana tu, wala hakuna aliyeiba.

3. Andika kanuni ya malipo kabla ya tangazo la kwanza

Kanuni iwe fupi, mtu aisome akiwa kwenye daladala akaielewa. Hii hapa unaweza kuichukua ukaibadilisha:

“Tunapokea malipo kwa Lipa Namba pekee. Jina litakalotokea ni la duka letu. Bidhaa kavu: lipa yote kabla ya Alhamisi saa 12 jioni, mzigo unapanda basi Ijumaa asubuhi. Mayai na vitunguu: nusu unapoagiza, nusu kabla hatujapakia. Utatumiwa video ya mzigo wako na picha ya risiti ya basi. Ukikuta kasoro, tutumie picha ndani ya saa 24, tutakubadilishia au tutakurudishia pesa.”

Angalia kilichomo. Mteja analipa kabla, lakini naye anapewa vitu vitatu: video, risiti na ahadi ya kurudishiwa. Video iwe ya mzigo wake yeye, si ya mzigo wa wiki iliyopita. Taja jina lake na tarehe ukiwa unarekodi: “Huu ni mzigo wa mama wa Kirumba, kilo kumi za michembe, leo Ijumaa.” Sekunde ishirini zinatosha.

Ahadi ya kurudisha pesa itimize bila mabishano. Ndiyo maana usizitoe pesa zote siku zinapoingia. Acha kiasi kwenye namba ya duka, kiwe cha kurekebisha makosa.

Kwa mteja mpya anayesitasita, usishushe kanuni, shusha kiasi. Mwambie aanze na kilo mbili. Akizipokea na kuzipenda, kilo ishirini atazilipia mwenyewe bila kusukumwa.

Utakutana pia na mtu mzima anayekwambia, “Kijana, mimi siwezi kukudhulumu, tuma tu nitalipa.” Mjibu kwa heshima: “Shikamoo mzee wangu, nakuamini, ila utaratibu wa duka ni mmoja kwa wote.” Akikasirika akaondoka, umepoteza oda. Ukimkopesha akapotea, umepoteza oda na mzigo. Wahenga walishasema, kukopa harusi, kulipa matanga.

4. Duka lenyewe: WhatsApp Business inatosha kuanza

Sasa ndiyo tuje kwenye duka. Pakua WhatsApp Business, ni bure. Itumie kwenye laini ya biashara, tofauti na ile ya familia. Ndani yake kuna katalogi, mahali pa kuweka picha ya bidhaa, bei na maelezo. Kuna majibu ya haraka, ambamo utahifadhi kanuni yako na maelekezo ya kulipa. Kuna pia lebo za kutenga mazungumzo: oda mpya, inasubiri malipo, imelipwa, imetumwa. Lebo hizi nne ndizo roho ya duka. Mteja asihamie “imelipwa” mpaka wewe mwenyewe umeona pesa kwenye salio.

Kuna msemo kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Mtandaoni hata chema inabidi kitembezwe, kwa sababu mteja hawezi kukishika wala kukinusa. Piga picha asubuhi au jioni kwenye mwanga wa jua, bidhaa ikiwa juu ya kitambaa safi au karatasi nyeupe. Weka na mizani kwenye picha, kilo ionekane. Usichukue picha ya mtu mwingine hata kama ni nzuri kiasi gani. Na weka bei. Ule mtindo wa “bei njoo inbox” unachosha watu.

Facebook, Instagram na TikTok zitumie kuwaita watu, lakini oda zote zipelekwe sehemu moja, kwenye ile laini ya WhatsApp. Ukipokea oda sehemu nne, kuna moja utaisahau.

Na daftari liwepo. Mali bila daftari hupotea bila habari. Chora safu saba: tarehe, jina, simu, bidhaa na kilo, kiasi kilicholipwa, namba ya muamala, tarehe ya kutuma. Simu ikiibiwa au ikitumbukia kwenye maji, daftari linabaki.

5. Bei: piga hesabu mpaka mlangoni kwa mteja

Hapa ndipo maduka mengi yanakufa taratibu huku mwenye duka anafurahia oda. Tuchukue mfano. Namba hizi ni za kujifunzia tu, weka za kwako.

Tuseme michembe gulioni unapata shilingi 2,500 kwa kilo. Unataka kutuma vifuko 20 vya kilo moja kwenda Mwanza. Gharama zinazoongezeka kwa kila kifuko ni hizi: mfuko na lebo 400. Basi 10,000 kwa mzigo wote, yaani 500 kwa kifuko. Bodaboda hadi stendi ya Bunda 3,000, yaani 150. Makato ya kupokea na kutoa pesa 100. Bando la wiki 5,000, yaani 250. Vifuko vinavyochanika au kurudishwa, weka 100. Jumla ni 1,500.

Maana yake kifuko kikifika Mwanza kimeshagharimu 4,000. Ukiuza 4,000 umepata sawa na gulioni, na kazi yote ya kujibu meseji usiku umeifanya bure. Ukiuza 5,000 umepata 1,000 zaidi kwa kila kifuko, yaani 20,000 kwa mzigo mmoja juu ya pesa ya gulioni.

Sasa tuma vifuko vitano tu. Basi tuseme wanakutoza 5,000, ni 1,000 kwa kifuko. Bodaboda ile ile 3,000, ni 600. Bando lile lile 5,000, ni 1,000. Ongeza mfuko, makato na uharibifu 600. Jumla 3,200. Kifuko kimegharimu 5,700, na wewe unauza 5,000. Kila oda unayoshangilia inakutoa 700.

Ndiyo sababu kwenye kanuni niliweka siku moja ya mzigo. Kusanya oda za wiki nzima, tuma kwa pamoja. Mkiwa vijana watatu au wanne wa mtaa mmoja, unganisheni mizigo iende basi moja. Bodaboda ya kutoka stendi ya Mwanza hadi nyumbani kwa mteja, mwambie mapema kwamba ni juu yake, asije akaisikia kwa mara ya kwanza mzigo ukiwa umefika.

6. Matapeli: namba ya siri na salio

Ukianza kujulikana, matapeli nao watakuona. Mbinu zao ni chache na zinajirudia.

Ya kwanza ni meseji feki ya malipo. Inafanana kabisa na ya kweli, ina jina na namba ya muamala. Usiamini meseji wala picha ya skrini. Angalia salio mwenyewe: M-Pesa *150*00#, Mixx by Yas *150*01#, Airtel Money *150*60#, HaloPesa *150*88#. Salio halijaongezeka, mzigo haupandi basi, hata kama konda anapiga honi.

Ya pili: “Samahani, nimekutumia zaidi kimakosa, nirudishie.” Usirudishe chochote kwa mkono wako. Angalia salio kwanza. Kama kweli pesa imezidi, mwambie apige huduma kwa wateja wa mtandao wake.

Ya tatu: mtu anaomba namba ya tarakimu sita iliyoingia kwenye simu yako, eti imetumwa kimakosa. Hiyo ndiyo funguo ya WhatsApp yako. Ukimpa, duka limekuwa lake, na ataanza kuwaomba wateja wako pesa kwa jina lako. Washa uthibitisho wa hatua mbili leo leo.

Namba ya tapeli itume kwa meseji kwenda 15040, ndiyo namba iliyotengwa kwa kazi hiyo. Na piga *106# uone laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako.

7. Karatasi usizikimbie

TIN inatolewa bure na TRA. Leseni ya biashara iko halmashauri, kwetu ni Halmashauri ya Mji wa Bunda. Chakula kilichofungashwa na kuwekwa lebo, kama unga, asali au michembe, kinahitaji kutambuliwa na TBS. Kama wewe ni mdogo, pitia kwanza SIDO, wao ndio huwatambulisha wajasiriamali wadogo kwa TBS.

Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inautambua mkataba uliofungwa kwa njia ya kielektroniki. Hivyo makubaliano yenu kwenye WhatsApp yana uzito. Usiyafute, na usiahidi usichoweza. Pia tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Namba za wateja amekupa mteja kwa ajili ya mzigo wake. Usiziuze, wala usimwingize mtu kwenye kundi bila kumuuliza.

Kumbukumbu hizi zina faida nyingine. Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri ina fungu la vijana, asilimia 4. Kikundi kinachokwenda na taarifa ya miamala ya miezi sita na daftari safi hakifanani na kikundi kinachokwenda na katiba peke yake.

8. Tovuti je?

Tovuti ina wakati wake. Oda zikiwa nyingi hadi huwezi kuzijibu kwa mkono, na wateja wanaorudi wakiwa wengi kuliko wapya, hapo tengeneza. Kwa malipo ya kwenye tovuti kuna kampuni kama Selcom, AzamPay na Pesapal zinazokuunganishia mitandao ya simu na kadi kwa pamoja. Wao watataka TIN, leseni na akaunti ya benki, kwa hiyo aliyefuata namba 7 hatahangaika.

Ila kumbuka mambo mawili. Jumia, kampuni kubwa ya maduka ya mtandaoni Afrika, ilifunga shughuli zake Tanzania Novemba 2019. Waliokuwa wakiuza kupitia kwake walilazimika kutafuta njia nyingine. Kwa hiyo hata ukiuza kwenye jukwaa la mtu, orodha ya wateja wako iwe kwenye daftari lako. La pili, jirani zetu Kenya, Twiga Foods ilianza mwaka 2014 na zao moja tu, ndizi, ikiwauzia wachuuzi wa Nairobi wanaoagiza kwa simu. Kampuni yenye mtaji kama ule ilianza na zao moja. Wewe wa ekari mbili usianze na kumi na tano.

Kazi ya wiki hii

Usifungue akaunti yoyote mpya wiki hii. Fanya mambo manne. Jumatatu chagua bidhaa moja. Jumanne nenda kaombe Lipa Namba na uulize yale maswali matatu ya makato. Jumatano piga hesabu ya gharama hadi mlangoni kwa mteja, kwa vifuko vitano na kwa vifuko ishirini. Alhamisi andika kanuni yako ya malipo, umsomee mtu asiyejua biashara yako. Akiielewa bila kuuliza swali, duka limefunguliwa. Ijumaa ndiyo upige picha.

Makala ijayo nitaelezea namna ya kukausha viazi kwenye vichanja ili michembe isishike vumbi, maana mteja wa mtandaoni haonji mara mbili kitu kilichomkwaruza meno mara ya kwanza.

Kazi njema.